Inchi Tano za Babu Orrin

Babu yangu Orrin hakuacha kula mezani kwa hasira wala kwa ugonjwa. Aliacha kwa sababu ya tumbo. Meza ya trela letu la kambi, kile chumba cha magurudumu tunachokivuta kwa gari, imebanwa kati ya viti viwili virefu. Aliijenga mwenyewe kabla mama yangu hajaolewa, enzi ambazo, kwa picha nilizoziona, alikuwa mwembamba kama ndoana. Kiangazi hiki alijaribu kuingia mara moja, akakwama, akatoka kinyumenyume na kutangaza kwamba hewa ya nje ni nzuri kwa mapafu. Tangu hapo akawa anakula soseji zake nje, amekalia sanduku la barafu, akigombana na mbu.

Bibi Ardith alibaki anatazamana na kiti kitupu. Akaniambia amekula na mtu huyo miaka arobaini na sita, hata siku walizonuniana, na hataki kumalizia uzee wake akila na ukuta. Lakini kumwambia mzee nafasi ipanuliwe ni sawa na kumwambia amenenepa, na hilo halisemeki. Basi tukala njama.

Kila Jumamosi asubuhi Babu huenda ziwani kuvua. Jumamosi ya kwanza tulifumua mito ya kuegemea, tukatoa sponji nene tukatia nyembamba iliyo ngumu, na Bibi akaishona upya kwa kitambaa kilekile chenye picha za mabata. Hapo tukapata inchi mbili. Ya pili niling'oa ukingo wa bati upande wa Babu, nikakata meza inchi moja na nusu, nikaurudisha ukingo mahali pake. Ya tatu nikakata tena kiasi hichohicho. Vumbi la mbao tulilifukia kwenye majivu ya moto wa kambi.

Jioni hiyo Bibi akamtuma ndani kuchukua chumvi, nayo alikuwa ameisukuma makusudi hadi dirishani, mwisho kabisa wa meza. Babu akajipenyeza kwa tahadhari. Akaingia. Akaketi. Akalitazama tumbo lake kwa heshima kubwa.

"Ardith, nimepungua."

"Niliona, mume wangu," Bibi akajibu, uso mkavu kabisa. "Nikaogopa kukusifia usije ukalegeza."

Asubuhi yake kambi nzima ilishajua. Babu alimweleza jirani yetu Voss, mwenye tumbo lisilo dogo, kwamba siri ni saladi ya kabichi. Voss akaenda mjini na kurudi na kabichi sita. Babu naye, kwa kujipongeza, akala vipande vitatu vya pai ya cheri.

Sasa, kuna kitu nilisahau. Meza ile pia ni kitanda: unaishusha kati ya viti, kingo zake zinakaa juu ya papi mbili, zile mbao nyembamba zilizopigiliwa ubavuni mwa viti, unatandika mito. Mchana huo mvua ilinyesha na Babu, ameshiba pai, akaishusha ili ajinyooshe. Nilikuwa nimefungua mdomo tu alipojilaza. Papi ya upande mmoja ilishika. Ya upande wa pili haikuwa na cha kushika.

Tulichoona ni soksi mbili zikielekea darini.

Hakuumia. Alikaa palepale sakafuni, akapitisha kidole kwenye ukingo wa meza, kidole cha fundi.

"Inchi ngapi?"

"Tatu," nikasema. "Na mbili za mito."

"Kwa hiyo sijapungua."

"Umeongezeka kidogo, Babu."

Akainuka, akatoka mvuani bila kofia. Bibi akalitazama lile sanduku la barafu kupitia dirisha na machozi yakamlengalenga. Lakini Babu alipita sanduku akaenda nyuma ya gari, akarudi na msumeno na kipande cha ubao. Akakipima, akakikata, akakitia bawaba kwenye ukingo wa meza kiwe kinafunguka wakati wa kulala tu. Kisha akairudisha meza juu, akajipenyeza kitini mwake, mkabala na mkewe.

"Ile pai imebaki?"

Bibi akamkatia. Nje Voss alikuwa anapita na mfuko mwingine wa kabichi, akatupungia mkono. Babu akampungia pia, kisha akaninong'oneza:

"Ukimwambia, utalala nje."