Nyuso Zilizobaki Kabatini

Uliangalia pembeni. Usinitikisie kichwa, nilikuona. Siku walipofunga kiwanda chetu cha nguo ulipita barabarani ukajifanya unatafuta kitu mfukoni. Mwaka jana walipokuja wapiga picha za mitindo na wasichana wao warefu, wakawavika magauni ya hariri na kuwaegemeza kwenye mashine zenye kutu, ulisimama ukasifia mwanga unavyoshuka kupitia paa lililotoboka. Nami niliusifia, sikatai, mwanga ule ni mzuri mno. Lakini hukuuliza nani alisimama kwenye mashine ile kabla ya yule msichana. Mimi nawakumbuka jina kwa jina, zamu kwa zamu, mpaka aliyekuwa akikohoa.

Naitwa Havijawa, yule anayehutubia sokoni juu ya makreti. Shule niliishia darasa la saba. Kutazama nilijifundisha mwenyewe, kwa kurasa za majarida ya mitindo walizofungia maandazi, nazifuta mafuta nazibandika ukutani, na kwa kuzunguka magofu ya mji huu nikisoma rangi zilivyobanduka. Mama yangu, Stamili, alikuwa mchoraji wa nakshi za vitenge hapo kiwandani. Picha yake ninayo moja tu, na haina uso. Wewe unajua kwa nini, maana kwenu ipo kama hiyo. Kiwanda kilipotaka picha za vitambulisho, Banzi wa studio alikuwa na kamera ya saizi moja, basi akampiga kila mtu picha nzima, ameketi, mikono magotini, amevaa koti lile lile la studio lililobanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo ili lienee. Kisha akakata mraba mdogo penye uso, mraba ukaenda ofisini, mwili ukarudi nyumbani na tundu lake. Mama alikufa nikiwa na miaka sita. Uso wake umo kwenye faili, faili limo kabatini, na kesho saa mbili asubuhi katapila linaangusha kiwanda.

Ndiyo maana mchana huu nimekaa kwenye benchi la mlinzi, langoni, namsihi Mzee Kobero anifungulie. Mwanangu, ananiambia, ufunguo ninao, ruhusa sina. Jua kali, mbuzi wanacheua kivulini, macho yananiwia mazito, na nikiyafumba naona lango limeshafunguka, nami nimeshaingia, na ndani hakuna kiwanda, kuna barabara, na barabara yenyewe ni kitambaa, samawati iliyoiva, majani ya manjano, ndege wekundu wamejipanga wote wanatazama mbele. Natembea juu yake bila viatu. Kulia kwangu kuna mji, na kushoto kuna mji ule ule umegeuzwa kama kwenye kioo: sinema isiyo na paa, viti vyake vimeota majani, stesheni ya reli yenye saa isiyo na mishale, bwawa la kuogelea la mameneja, kavu, vigae vyake vya kijani vinang'aa kama vimelambwa. Na kila mahali watu wamesimama kama kwenye majarida. Mwanamke amevaa gauni la mifuko ya saruji, kola imesimama kama ukuta. Mwanamume ana suti ya nyuzi mbichi zinazomwagika ngazini mpaka chini. Bibi harusi ameketi ukingoni mwa bwawa, shela lake ni chandarua, na chandarua kimejaa vipepeo. Kila kona ni ukurasa ambao ningeubandika, na hasira yangu inataka kunitoka kwa uzuri, naishika isitoke. Natembea, sinema inapita, stesheni inapita, bwawa linapita, na sinema inarudi.

Kwenye mlango wa sinema amesimama mtu mwenye lile koti kubwa la studio, na penye uso pana mraba mtupu, naona barabara kupitia kichwani mwake. Shikamoo, namwambia, maana umri wake siujui. Marahaba, anajibu, ndiye wewe yule mpiga kelele wa sokoni? Kelele zote zile, na njia huijui! Nionyeshe ofisi, namwambia. Kitendawili, anasema. Sina muda wa mchezo. Kitendawili, anarudia, bila haraka, kama mtu anayetafuna muwa. Haya, tega. Nilikwenda kazini bila mwili, mwili wangu ukabaki nyumbani ukutani. Uso wako, namjibu, uso wa kitambulisho! Hapo wanacheka, kwa sababu sasa ni wengi, wanatoka sinema, wanatoka stesheni, wote koti moja, vibanio vinagongana migongoni. Umepata, anasema, waliokutangulia walishindwa wakatupa miji, ndiyo maana unaona miji mingi hivi, na hatuna wa kukaa humo. Kitendawili cha pili: naenda mbele siku zote narudi nilipoanza, na aliyenichora hakukosea. Natazama chini. Ni nakshi, nasema polepole, ni kitenge, mwisho wake lazima ushikane na mwanzo, mama ndivyo alivyokuwa akisema, natembea juu ya mchoro wake. Na unatokaje kwenye mchoro usiokwisha? ananiuliza, na hilo hanipi jibu, anapiga makofi tu kama mama mkwe kwenye ngoma.

Lakini nakumbuka. Mimi kukumbuka ndiyo kazi yangu. Katika kila mchoro mama aliweka ndege mmoja anayetazama nyuma. Msimamizi alimfokea, naye akajibu kwamba mkono umeteleza. Nyumbani aliniambia, nimemweka makusudi, mwanangu, ili kitenge changu kikipita mjini kiunoni mwa mtu nikijue. Basi nainama, naenda kama anayetafuta sindano, mbele, mbele, mbele, wote wanatazama mbele, mpaka karibu na yule bibi harusi namwona, mwekundu, shingo imegeuka. Nafuata mdomo wake unakoelekea, nafika kwenye ukuta, na ukuta si ukuta, ni pazia la studio ya Banzi lililochorwa bustani na ngazi. Nalinyanyua. Nyuma yake ni ofisi, makabati manne ya chuma, na mbele ya la tatu ameketi mwanamke asiye na uso, vidole vyake samawati mpaka kwenye kucha.

Mama, nasema. Umechelewa, anasema, na una kelele kama baba yako, nilikusikia tangu stesheni. Nimefuata uso wako, mama. Wangu peke yake? anauliza. Nasema, ndiyo, wako. Na hao walio nje hawana watoto? Miaka yote nimesimama juu ya makreti sokoni nikisema sisi, sisi, sisi, kumbe humu nimeingia kutafuta mraba mmoja. Anaweka mkono juu ya mkono wangu, tunavuta droo ya chini, inalia, inafunguka upana wa kidole, na ndani naona macho, macho kwa macho, yamepangwa kama kadi, yanapepesa kwa kushtushwa na mwanga. Vuta tena, nasema. Haiji, anasema, mmoja haivuti, sisi zamu yetu ilikuwa watu thelathini. Kawaite.

Havijawa! Mzee Kobero ananitikisa bega. Havijawa, umekoroma mpaka mbuzi wamehama! Benchi, lango, jua. Kabati la tatu, namwambia Mzee Kobero, droo ya chini. Nani kakwambia? anauliza. Hiyo ndiyo iliyokwama, nimeivuta mimi mwenyewe mara ngapi, haiji. Anachezea funguo. Kisha anasema, kesho saa kumi na mbili alfajiri nitakwenda kunywa chai, na mtu mzima husahau kufunga lango, sivyo? Nainua macho nimshukuru, na jua liko nyuma ya kichwa chake, penye uso wake naona mraba mweupe tu. Natazama vidole vyangu. Ni samawati mpaka kwenye kucha. Sijui nimetoka lango hili au bado nimo, na sina muda wa kujua, maana katapila litakuja saa mbili upande wowote niliopo.

Basi wewe. Ipo kwenu, usinidanganye, chumbani, nyuma ya kabati la vyombo: koti kubwa, mikono magotini, tundu. Nenda kaitoe sasa hivi. Ifute vumbi, iweke kwapani, mgongee na jirani mlango, yake ipo pia. Kesho saa kumi na mbili, langoni. Tunataka mikono ya watu thelathini kwenye droo ile, na mpaka sasa ipo yangu miwili. Inuka.