Yuniti ya Kijito Chetu

Binti yangu Ndila alikuja kutoka chuoni mwezi wa nane na kazi moja tu, kupanga masomo yake ya mwaka wa mwisho. Alikuwa anasomea baiolojia, upande wa mazingira. Alinipangia juu ya uteo ili nielewe, maana shule yangu mimi iliishia darasa la saba. Punje za mahindi zilikuwa masomo ya lazima, yuniti kama wanavyoyaita chuoni: ekolojia, takwimu, kemia ya udongo. Mbaazi zilikuwa yale ya kujichagulia. Akasogeza mbaazi moja pembeni, peke yake.

"Hii ndiyo yenyewe, Mwaitu," akasema. Mwaitu ni mama, kwa Kikamba chetu. "Ni utafiti wa nje. Inafundishwa wakati wa mvua za mwisho wa mwaka peke yake, na kila mtu lazima awe na mahali pake pa kupima. Mimi nimeandika bwawa letu."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini.

Bwawa letu ni ukuta wa mawe uliokatiza kijito, hapa Mwala. Tuliujenga sisi wenyewe wa mwethya, kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu, na baba yake Ndila, marehemu Maundu, ndiye alipanga mawe mengi kuliko mtu yeyote. Mvua ikinyesha, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga, jua lisiyaone. Kiangazi unafukua kidogo tu, unachota. Ndila alitaka kupima maji hayo yanakaa muda gani na ni miti gani inayategemea.

Nikamwambia ukweli hapo hapo, kwa sababu habari mbaya haiivi kwa kuwekwa. Mchanga haupo. Tulipomzika baba yake mwezi wa tano, yeye alirudi kwa mitihani, mimi nikabaki nyumbani kwa kilio. Huko nyuma kikundi kikakaa kikao. Mzee Ndolo, mwenyekiti, akawaambia mchanga umejaa mpaka juu unakula nafasi ya maji, ukitolewa bwawa litakuwa kubwa. Wenye malori ya kuuza mchanga nao wakaahidi mabati ya nyumba ya kikundi. Watu wakainua mikono. Nilipotoka kilioni, nyuma ya ukuta palikuwa shimo, na chini ya shimo mwamba.

Ndila alishuka kuona mwenyewe. Jirani yangu Peris alikuwa huko na punda wake, ndiye aliyenisimulia. Anasema binti alimweleza Mzee Ndolo kwa heshima kwamba maji ya shimo wazi yananywewa na jua, mchanga ndio uliokuwa unayalinda. Mzee akamwuliza kama hayo alifundishwa na jua lenyewe. Watu wakacheka. Ndila akatoa simu, akapiga picha, akauliza malori yalikuwa ya nani. Hapo kicheko kikaisha.

Alirudi nyumbani bila machozi. Alikuwa amempigia mwalimu anayemshauri kuhusu masomo, naye akamwambia asibadilishe kitu, bwawa lililochotwa lina mengi ya kupimwa kuliko lililojaa. Ila ripoti itabidi iseme mchanga ulitoka vipi na nani aliruhusu, na nakala ifike ofisi ya maji.

Kesho yake saa ya chai Mzee Ndolo akaja. Nikampa kiti, nikampa kikombe. Aliuliza habari ya mbuzi, akamkumbuka Maundu kwa maneno mazuri. Ndila alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Ndila," mzee akasema, "Alhamisi ni zamu yako ya mwethya. Lakini watu wananiuliza kama wewe bado ni mwenzetu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekumbusha saa ya ibada. Shamba langu ni la mteremko. Matuta yetu ya fanya juu, yale ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, yalibomoka Maundu akiwa mgonjwa, na mvua ikiyakuta hivyo, udongo wote utaishia kwa kijito. Na ni mwethya waliomchimbia kaburi. Mjane aliyetolewa kwa mwethya analima peke yake, anaugua peke yake, na siku yake ikifika anabebwa na watu wa kukodiwa.

"Mimi ni mwenzenu," nikasema. Mzee akamaliza chai.

Nilisali. Nilimwomba Mungu neno la kumwambia mtoto. Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuchagua masomo. Ndila aliketi na simu kwenye jiwe la nyuma ya choo, mahali ambapo mtandao hushika, mimi nikasimama karibu.

"Niandike au niache?" akauliza.

Macho yangu yakaenda kwa mteremko. Sikuyatuma. Akayaona. Akafuta yuniti ya kijito, akaweka ya vijidudu vya magonjwa, ile ya kukaa maabara, na nyingine mbili zikatoka pamoja nayo, kwa sababu kumbe masomo hayo yameshikana.

"Basi. Mimi si wa mazingira tena."

Nikamwambia bado angeweza kurudisha. Akasema, "Chuo hakitakuchimbia matuta, Mwaitu," akaingia ndani.

Alhamisi alfajiri aliondoka na bodaboda, akisema ana kazi kampasi, na kampasi yenyewe ilikuwa imefungwa. Watu wa mwethya wakaja wote, hata wagonjwa. Waliimba, majembe yakaenda pamoja, na kabla ya saa sita matuta yangu yalikuwa yamesimama, marefu, yamenyooka. Niliwapikia muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe. Mzee Ndolo aliombea chakula, akamshukuru Mungu kwa umoja wetu, kisha akauliza binti anasomea nini siku hizi.

"Vijidudu vya magonjwa," nikasema. "Maabara."

"Hiyo ndiyo elimu. Mtu anakaa kivulini."

Wakacheka, nami nikampakulia tena. Walipoondoka nilizikusanya sufuria. Maji ya kuoshea hayakuwepo, na Peris na punda wake ndio kwanza walikuwa wameondoka kwenda kuyachota mbali, hawangerudi mpaka jioni. Nilizisugua kwa majivu, nikazifunika.