Kikombe cha Pili cha Chai ya Kichina

Hivi nyinyi, mmewahi kunyimwa kitu na mdomo wenu wenyewe? Basi mtazameni Bi Kibibi alasiri hii, kwenye kochi la mkwewe Shaali, usingizi unamchukua na kinyongo chake. Shaali amerudi kutoka Uchina na vikopo vya chai za kila namna, hata ya majani yaliyokaushwa kwa moshi, amemtilia kidogo, kidogo kabisa, akamwuliza, Umetosheka, mama? Naye, kwa kuwa nyumbani kwa mkwe si pa kuonyesha uroho, akasema, Nimetosheka, baba, na huku ulimi unalia. Macho yanafumba, kochi linageuka barabara.

Barabara haina mwisho, inapanda, inashuka, inajirudia, na maduka pembeni ni vioo vitupu, kila kioo kina Bi Kibibi mwingine mwenye kiu. Mbele yake anatembea mtu asiye na uso, pale pa uso ni laini kama yai lililomenywa, na birika dogo la udongo mkononi. Anatia maji ya moto kwenye majani, kisha anamwaga yote chini. We! Chai hiyo unammwagia nani? Hayo ni ya kuyaamsha majani, anajibu, aliyelala hana ladha. Anatia tena, anamimina kwenye kikombe kisichojaa hata kiganja. Ndiyo nini hii, unanipimia dawa ya kikohozi? Bi Kibibi anaonja. Ni ya kijani, ina harufu ya majani ya kunde yaliyonyeshewa. Na sukari iko wapi? Sukari inakaa nyuma ya uchungu, ingoje. Anangoja, amenuna, na kweli utamu unapanda taratibu kutoka kooni, wala si wa kikombe. Anataka kingine. Umetosheka? Mdomo unamtangulia: Nimetosheka. Kikombe kinayeyuka, mji unapinduka kama chapati, barabara inaanza upya, vioo vilevile, mtu yuleyule. Safari hii ni chai ya asumini, inanukia kama kikuba cha bibi harusi. Umetosheka? Nimetosheka. Mji unapinduka. Bi Kibibi anajipiga kofi la mdomo, lakini kofi litasaidia nini, kikombe kimeshakwenda.

Cha tatu kina moshi. Anakinusa, anakinusa tena. Ni maji ya mtungi uliofukizwa udi, yale ya ukumbini kwa bibi yake, ambayo hajayaonja tangu mtungi upasuke na friji iletwe. Mafunda mawili, yameisha. Anakikumbatia kikombe kitupu kwa mikono yote miwili. Nitapata wapi kingine? Kiko nyuma ya jibu lako. Jibu gani? Sema sawasawa, mimi mtu mzima, usinichezee! Umetosheka? Mdomo unafunguka, Nime..., na anauuma ulimi kwa nguvu.

Kochi lipo, ila bado linateleza chini yake kama barabara. Mtu amesimama mbele ya dirisha na birika, mwanga umemla uso wote. Ni Shaali huyu, au ni yule? Umetosheka, mama? Mlangoni bintiye Ramla anacheka, Usimsumbue mama, Shaali, yeye kimoja tu kinamtosha. Nyamaza, Ramla, anasema Bi Kibibi, na mwenyewe hajui hata anayasemea mji gani, wa macho au wa usingizi. Sijatosheka, baba. Nitilie ile ya moshi, na ujaze.