Utepe wa Kofia ya Bwana Selwood

Bwana Everard Selwood aliogopa kila kitu. Aliogopa mbwa, aliogopa upepo wa mlangoni, na wageni wa saa ya chai wakibisha hodi alikimbilia jikoni kwa mpishi wake. Ungemwona na glavu zake za kijivu, anatembea ukingoni mwa barabara kama anayeomba radhi kwa mawe, usingeamini kwamba huyu ndiye mshairi ambaye mabibi wa Uingereza nzima walilala na kitabu chake chini ya mto. Mimi niliamini, kwa sababu nilimjua tangu hajaota meno.

Niseme basi mimi ni nani, maana watu wa Wexburn wanadhani nilizaliwa ndani ya duka la kofia. Jina langu ni Dorcas Threlfall. Kabla sijaolewa na muuza kofia, nilikuwa dobi nyuma ya nyumba ya kasisi, pamoja na Hannah Rudd. Hannah alikuwa mjane kijana mwenye mtoto mmoja, Sam. Tulimweka mtoto juu ya rundo la nguo chafu ili asituzonge miguuni, naye akajifunza kusoma hapohapo, kwenye herufi za majina ambazo waungwana hushonea mashuka yao kwa uzi mwekundu. Alipofika miaka mitano alikuwa anajua suruali ya ndani ya kila mheshimiwa mjini ni ipi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Kasisi mzee Selwood hakuwa na mtoto. Alimsikia Sam anasoma, akamtaka. Angempa vitabu, shule na jina, ila isemwe ni yatima wa binamu yake, kwa kuwa shule za waungwana hazipokei mtoto wa dobi. Mimi nilikasirika, nikamwambia Hannah, "Yaani unamtoa mwanao hivihivi, kama paka?"

"Simtoi, Dorcas. Namsogeza mbele kidogo."

Sam Rudd akawa Everard Selwood. Alirudi kutoka shule akiwa mtu mzima, mikono laini, na kasisi mzee alipokufa akamwachia nyumba yake. Kesho yake Hannah akaingia kwa mlango wa nyuma na aproni yake, akawa mpishi. Miaka ishirini alimpikia. Mbele za watu alimwita Bwana, naye alimwita Bi Rudd. Nilimwuliza mara moja kama moyo hauumi.

"Uume kwa lipi?" akasema. "Mwanangu namwona kila siku ya Mungu. Namlisha kwa mkono wangu. Hesabu akina mama wangapi wana bahati hiyo. Mimi nashukuru, na wewe acha kununa."

Kisha likaja shairi lile. Wachapishaji walitaka kitu cha kuliza, naye kwa woga wake akaandika juu ya mama yake: bibi mwembamba aliyevaa nyeupe, mwenye vidole kama maua, aliyekufa mtoto angali kitandani. Nchi nzima ililia. Mabibi walimtumia leso. Hannah alinisomea jikoni huku viazi vinachemka, akacheka mpaka machozi.

"Nimekufa vizuri kweli, Dorcas! Natamani ningekuwepo. Na vidole, ona vidole!" Akaninyooshea mikono yake iliyopasuka kwa magadi. Bwana Selwood alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka. Alikuja akaishika ile mikono, akaondoka.

Machi hii Hannah alishikwa na homa ya mapafu. Aliniita, akanishika kola kwa nguvu ambayo sikujua amebakiwa nayo.

Sasa, kwetu kofia inasema. Mwanamume akifiwa, hushonewa utepe mweusi wa msiba kwenye kofia yake ndefu, na upana wake ndio habari yenyewe. Ukiwa wa kidole kimoja, amefiwa na mtumishi au binamu wa mbali. Ukiwa wa kiganja kizima, amefiwa na mzazi. Hakuna anayeuliza, watu wanakusoma kichwani tu.

"Atakuja kwako na kofia," Hannah akaniambia. "Weka kidole kimoja. Akitaka zaidi, kataa. Mwezi ujao anasoma lile shairi jumba jipya la mikutano likifunguliwa, wakubwa wote watakuwepo. Wakijua mama yake alikuwa jikoni muda wote huu, watamla nyama. Apa."

Nikaapa. Ningefanya nini? Mtu anakufa.

Siku ya mazishi, asubuhi, gari la farasi likasimama mbele ya duka. Ndani yake alikuwa Bibi Lascombe, mke wa mwenye viwanda vya pamba, ndiye aliyemchagua Bwana Selwood kusoma siku ya ufunguzi. Alichungulia dirishani akaniambia, "Ona bwana alivyo na roho nzuri! Anamzika mpishi wake mwenyewe!" Nilitaka kumrushia pasi.

Bwana Selwood alishuka garini akaingia peke yake, kofia mkononi, akaiweka juu ya meza.

"Mama Threlfall, kwa mpishi inakuwa upana gani?"

"Kidole kimoja, Bwana."

"Na kwa mama?"

Nilijifanya natafuta mkasi. "Kiganja."

"Weka kiganja."

"Siwezi. Nimemwapia."

"Najua umemwapia. Namjua mama yangu." Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akitamka neno hilo. Nilingoja akimbie kama siku zote, lakini hakutazama hata mlango.

Nikapandwa na hasira, sijui kwa nani. Nikamwambia, "Bwana, miaka ishirini ulikuwa na mdomo. Leo hayupo ndio unataka ushujaa? Aliyatoa maisha yake yote ili usiaibike, nawe unataka kuyamwaga barabarani kwa kipande cha kitambaa! Shairi lako litaitwa uongo. Watakurudishia vitabu kwa mafungu. Utaweza wewe, ambaye huwezi hata mbwa?"

"Sitaweza," akasema. "Lakini nisikilize. Juzi asubuhi daktari alikuwa chumbani. Mama alitaka maji, nikamnywesha. Akanitazama, akamtazama daktari, akasema, 'Asante, Bwana.' Halafu akafa. Alikufa ananiita Bwana, Dorcas. Hakusahau hata dakika ile."

Nilichukua kitambaa cheusi, nikapima kwa kiganja changu, nikashona. Kiapo nilikivunja nikiwa na akili zangu timamu, na machozi yalinifanya nijichome sindano mara tatu. Hannah akinidai huko aliko, nitamjibu.

Alipotoka, Bibi Lascombe alisoma kofia. Akasema, "Duka limekosea, Bwana Selwood! Huu ni wa mzazi."

"Halikukosea," akajibu, akalipita gari, akaenda kwa miguu mpaka nyuma ya jeneza, mahali anapotembea mtoto wa marehemu. Mimi nilifunga duka nikafuata.

Mvua ikanyesha. Kitambaa cha msiba hakipatani na mvua, rangi inachuruzika. Kufika kaburini alipovua kofia, uso mzima ulikuwa na michirizi myeusi mpaka kwenye kola, naye hakujifuta. Mabibi walikuwa wamesimama upande wa kanisa chini ya miavuli, na sisi watu wa mikono tulikuwa upande wa ukuta. Kasisi mpya akaanza, "Tunamzika Hannah Rudd, mpishi mwaminifu..."

"Samahani, Kasisi," Bwana Selwood akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini kila mtu aliisikia. "Ni mama yangu. Jina langu ni Sam Rudd. Nilimuua kitabuni, naye alikuwa jikoni ananipikia chakula cha mchana. Herufi zote ninazozijua nilizisoma juu ya mashuka aliyokuwa anafua. Mkate nilioula, ni yeye aliyeuoka. Jina nililopewa, yeye ndiye aliyelikubali na kunyamaza. Sikuwahi kumshukuru mbele ya mtu hata mmoja." Akainama kuelekea jeneza. "Nakushukuru, mama. Nimechelewa, lakini nakushukuru."

Miavuli ikaanza kuondoka mmojammoja. Bibi Lascombe aliondoka wa kwanza, na ufunguzi wa jumba ukapata mshairi mwingine, mtu wa sauti nene asiye na lolote. Bwana Selwood aliwaona wanakwenda. Alisimama pale, kofia imelowa mkononi, na nilidhani sasa ataanguka.

Mimi niliyemshonea sikuweza kusogea. Aliyesogea ni Keziah, dobi mzee wa mtaa wa mto, mwanamke asiyejua kusoma hata jina lake. Alipasua umati kwa viwiko, akamfikia, akashika ncha ya aproni yake, akaanza kumpangusa uso kwa nguvu kama sufuria.

"Hebu inama, mtoto wa Hannah," akasema. "Utapata mafua."

Akainama. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, aliinama kabisa mpaka kichwa kikafika begani kwa yule bibi.

"Niite hivyo tena," akasema.