Benchi Letu Bado

Kaka yangu ni seremala, na kwa muda mrefu yeye na mama wa zamu pale kanisani hawakuiva chungu kimoja. Mama huyo, mke wa fundi wa rangi, ndiye aliyekuwa mkuu wa wahudumu wa mlangoni. Tulimwita Mama Mstari, kwa sababu hakuna aliyekwenda Meza ya Bwana ila na benchi lake, na hakuna benchi lililoinuka kabla hajanyoosha mkono. Kaka aliona ni kero tupu.

"Roho hapangi foleni, mama," alikuwa akimwambia.

"Yeye hapangi, mwanangu. Miguu yetu ndiyo inayopanga."

Watu wakicheka, kaka alinuna mpaka jioni.

Jumapili ile mvua ilikuwa imenyesha siku sita mfululizo. Paa la kanisa letu lilikuwa la vigae vizito, la zamani kuliko mama yetu, na mlango ulikuwa mmoja tu, nyuma kabisa. Mimi nilikuwa mbele na kwaya, sauti ya pili. Mama yetu, ambaye magoti yake yamechoka, alikaa benchi la kwanza, kaka kando yake.

Tulikuwa kwenye maombi, vichwa vimeinama, nilipomwona kaka amefumbua macho. Alipitisha kidole juu ya kitabu cha nyimbo cha mama, akakitazama, akakinusa. Kisha akainua uso, nami nikafuata macho yake. Unga wa mbao ulikuwa ukidondoka kutoka kwenye boriti kubwa, laini kama poda. Pale boriti ilipoingia ukutani palikuwa na ufa wa kupitisha kidole. Na nikaisikia ikilia: kwiii. Kimya. Kwiii.

Kaka akanyata mpaka kwa mchungaji. Walisimama hatua mbili kutoka kwangu.

"Mchungaji, boriti imeachia. Mchwa wameila ndani, na vigae vimekunywa maji. Sijui kama tuna dakika kumi."

"Una hakika?"

"Mimi naogopa, mchungaji."

Tangu tuzaliwe sikuwahi kumsikia kaka akisema neno hilo.

Mchungaji alitazama watu, akatazama mlango. Nilijua anachokiwaza, maana nami nilikuwa nakiwaza: watu zaidi ya mia mbili, mlango mmoja. Wakikurupuka, watakanyagana kabla hata kigae cha kwanza hakijafika chini. Akangoja "amina," akasema kwa sauti ileile anayotolea matangazo:

"Ndugu zangu, paa haliko salama. Tutatoka wote. Tutatoka kama tunavyokwenda Mezani, benchi kwa benchi, ila leo tunaanzia nyuma. Mfuateni mama wa zamu. Kwaya, imbeni, na msiukimbize wimbo."

Mguno ukapita kanisa zima. Mwanamume mmoja wa katikati akaruka benchi. Wengine wakainuka nusu, kama watu wanaongoja mmoja tu aanze. Nikasema moyoni, tumekwisha.

Mama Mstari hakupiga kelele. Alisimama kwenye njia, pale anaposimama kila Jumapili, akanyoosha mkono uleule. "Benchi la mwisho, karibuni. Baba, wewe rudi, benchi lako nitaliita." Yule bwana alimtazama, akatazama juu, akarudi. Mpaka leo sijui alipata wapi nguvu ya kurudi. Labda miguu yake ilikuwa imeshazoea kumtii yule mama kabla kichwa hakijauliza sababu.

Benchi la mwisho likatoka. La pili likasimama, likatoka. Sisi tuliimba. Sauti ya pili iliyumba kama mlevi, lakini mwalimu wa kwaya alituwekea mapigo kwa kidole, polepole, huku jasho likimtiririka. Boriti ilikuwa juu yetu hasa. Kila mwisho wa ubeti, tulipovuta pumzi, niliisikia. Ufa sasa ungepitisha vidole viwili.

Kaka akarudi mbio kwa mama. "Mama, twende."

"Benchi letu bado."

"Nitakubeba!"

Mama akamshika mkono. "Ukinibeba mimi, kila mwenye mama ataruka. Kaa, mwanangu."

Akakaa. Kaka yule mkubwa, mwenye mikono ya kuinua magogo, alikaa akalia bila sauti, akiwa amemfunika mama kichwa kwa koti, kana kwamba koti lingezuia vigae.

Sijui tulirudia ubeti ule mara ngapi. Yakabaki mabenchi kumi. Matano. Mawili. Hatimaye mkono ukatuelekea, na mama akatembea, kwa magoti yake yale, hatua moja, kituo, hatua moja. Sisi kwaya nyuma yake, hakuna aliyempita. Mchungaji na Mama Mstari walitoka mwisho.

Nje tulisimama mvuani, na paa likawa bado limesimama. Dakika zikapita. Minong'ono ikaanza. "Seremala katulowesha bure." Watoto walitetemeka kwa baridi, na mwanamke mmoja akaelekea mlangoni kufuata mkoba wake, wengine watatu nyuma yake. Kaka akajitupa mlangoni, mikono wazi.

"Hapiti mtu!"

"Nani kakupa zamu?" mwanamke akamuuliza.

Mama Mstari akaenda kusimama ubavuni mwake. "Nimempa mimi."

Hapo ndipo paa lilipoporomoka. Sauti yake siwezi kuieleza. Niliisikia kwa kifua kuliko kwa masikio. Upepo wa vumbi ulitoka mlangoni ukawasukuma wote wawili chini, na kipande cha kigae kikamchana kaka sikio. Vumbi lilipotulia, boriti ilikuwa imelala juu ya benchi la kwanza, nalo limekatika vipande viwili. Hakuna aliyesema haleluya. Mama Mstari aliinuka akatuhesabu benchi kwa benchi, na kila benchi likaitika. Tulikuwa wote.

Jumapili iliyofuata tulikusanyika kwenye karakana ya kaka, kwenye mabenchi ya kuazima, katikati ya mbao na mashine. Wengi tulikaa karibu na mlango, macho juu. Ubao mmoja ulianguka wenyewe pale pembeni, na mabenchi matatu yalishtuka kwa pamoja. Mtoto akaangua kilio. Mchungaji akangoja mpaka tukatulia.

Kaka alikwenda Mezani wa mwisho katika benchi lake, bandeji sikioni. Mkate ukamponyoka mikononi. Akainama kuutafuta kwenye takataka za randa, akachukua muda. Nyuma yake watu walisimama wakamngoja.