Gia ya Nne Iko Kushoto

Gari lilifika gereji likivutwa kwa kamba. Mbele ilikuwa pikapu ya jirani, na nyuma, ndani ya gari lenyewe, Dereva ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, kama mtu anayeendesha kweli. Binti yake aliteremka kwenye pikapu akiwa bado na kofia nyeupe ya kiwanda cha mikate. Alikuwa ametoka zamu ya alfajiri.

"Inagonga," Dereva akaniambia hata salamu hajatoa. "Imeanza yenyewe tu."

Huyu mtu namwita Dereva tangu ujana wangu, na yeye ananiita Utingo, ingawa kazi ya utingo niliiacha zamani. Miaka kumi na tatu tulikula barabara pamoja kwenye lori moja, yeye kwenye usukani, mimi kufunga turubai, kuweka gogo nyuma ya tairi tukikwama mlimani, na kutengeneza kila kilichovunjika. Baadaye kila mtu akashika lake. Yeye akatulia na familia, mimi nikaendelea kuhamahama, gereji hii mwaka, ile miezi sita, mpaka mwaka jana miguu ikanileta kwenye mji wake. Alinipokea mlangoni akaniuliza kama nimechoka kukimbia polisi. Sijawahi kukimbia polisi. Ni vile tu sikai.

Shemeji, mke wake, alikuwa amepooza upande mmoja miezi minane, na maneno yamempotea. Alilazwa hospitali ya juu kilimani, wodi ya wagonjwa wa muda mrefu. Kila siku ya Mungu Dereva alipanda kule saa sita mchana, akamlisha kwa kijiko, akamchana nywele, akamhadithia nani kaoa na nani kagombana na nani, kisha akashuka kumchukua mjukuu shuleni. Manesi wakileta kijiko shemeji aligeuzia uso ukutani. Kwa mumewe alifungua mdomo. Na mabasi ya kule yalipita alfajiri na jioni, saa ambazo wodi haiingiliki. Kwa hiyo lile gari kuukuu, rangi imebabuka hadi bati, lilikuwa ndilo linalomlisha shemeji.

Binti akanivuta nyuma ya rundo la matairi. Akaniambia juzi mtoto alirudi nyumbani na nundu kwenye paji la uso. Mtoto alisema babu alivuta gia wakishuka mteremko wa kutoka shuleni, gari likapiga kelele kama mnyama, likayumba, naye akajigonga kwenye kiti cha mbele. Babu alimwambia asiseme.

"Baba mdogo, nataka uniambie ukweli," binti akasema. "Ni gari, au ni baba?"

Nikamjibu kwamba ngoja nifungue kwanza.

Niliwasha injini kidogo tu, maana injini inayogonga ukiiacha inajila. Valvu zikilegea hulia kwa juu, kasauti kepesi kama cherehani. Hii ilikuwa nzito na ilitoka chini, ko, ko, ko, na nilipoachia mafuta ndipo ilipozidi. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaiegemeza kwenye injini, mpini nikauweka sikioni. Kisha nikachomoa waya za plagi moja moja. Ya kwanza, ko, ko. Ya pili vilevile. Nilipochomoa ya tatu, mlio ukapungua, kama mtu aliyewekewa mkono mdomoni. Basi. Ilikuwa metali ya konrodi ya tatu, kile kibati chembamba kinachokaa kati ya mkono wa pistoni na mhimili wa krankshafti ili chuma kisisage chuma.

Nikamwaga oili kwenye karai na kulisogeza juani. Ilimeta. Vumbi la metali lilikuwa linaelea humo kama unga wa dhahabu, na Dereva aliyekuwa amechuchumaa pembeni akaangalia pengine.

Sasa oili ile niliibadilisha mimi mwenyewe mwezi uliopita. Ilikuwa imejaa, pampu nzima, njia zake safi. Injini yenye oili ya kutosha haili metali yake hivihivi. Nikafungua kichwa cha injini. Juu ya pistoni ya tatu kulikuwa na alama ya mwezi mchanga, pale valvu ilipochelewa kufunga ikakutana na pistoni inayopanda, na valvu yenyewe imepinda. Hapo nilijua. Injini hii ilizungushwa kupita uwezo wake, na mafuta peke yake hayawezi. Yaliyoizungusha ni matairi. Gari lilikuwa kwenye mwendo wa gia ya tatu kwenda ya nne, likatiwa ya pili.

Nilimwambia Dereva akae ndani, injini imezimwa, anionyeshe gia.

"Leo Utingo ananifundisha gia?" akasema, lakini akakaa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mkono wake ulikwenda kila mahali panapotakiwa, laini, bila kutazama. Akanikonyeza. Kisha akainama karibu na sikio langu, ingawa binti alikuwa ameshaondoka, akaniomba nimwambie binti kwamba giaboksi imechoka, inaruka yenyewe. Alisema ni neno moja tu, na mimi nimeshadanganya wenye mali kwa makubwa kuliko hilo. Ni kweli, nimedanganya wengi.

Nikaishusha giaboksi. Haikuhitajika kwa kazi ile, lakini niliishusha, nikaiosha kwa petroli, nikapitisha kidole kwenye kila jino. Nilitamani kukuta jino limevunjika. Nilitamani uma wa gia uliopinda, springi iliyokatika, chochote cha chuma. Ilikuwa nzima. Giaboksi ya gari zee vile, nzima kama ya dukani.

Kazi ilichukua siku tano. Krankshafti ilikwenda kwa mkereza vyuma ikakwanguliwa, nikaweka metali nene kidogo za saizi hiyo, valvu mpya, gasketi mpya, nikakaza kila nati kwa kipimo chake. Dereva alikuja kila asubuhi kwa miguu, shati limepigwa pasi, kana kwamba leo ndiyo leo. Siku ya tatu hakuuliza habari za gari. Alisema nesi kapiga simu, mama hali chakula. Wamemwekea mpira puani. Alisimama ameshika kitana alichozoea kumchania, kisha akakirudisha mfukoni akaenda zake.

Siku ya sita injini iliwaka na ikanyamaza kama injini inavyopaswa kunyamaza, ukiweka mkono ndio unajua inazunguka. Tukatoka kuijaribu, yeye kwenye usukani, mimi pembeni. Tulipita kiwanda cha mbao, tukapita tanuri za matofali, na aliendesha vizuri, bora kuliko mimi. Nikaanza kuutunga moyoni ule uongo wa giaboksi, nione utakaaje mdomoni.

Baada ya matofali barabara inanyooka. Akaingiza ya tatu, akaongeza mwendo, akaanza kusimulia safari moja ya mbao za mvule, jinsi daraja lilivyokwenda na maji tukalala siku nne upande wa pili. Alisimulia vizuri, nami nikacheka. Kisha sauti yake ikawa ya kazi.

"Turubai umelikaza, Utingo? Mawingu yale siyapendi."

Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu. Mkono wake ukatoa ya tatu, ukaenda kushoto kabisa na kuanza kuvuta nyuma, kwa nguvu, kwa uhakika. Nikaudaka. Tukabaki hivyo, mkono wangu juu ya wake juu ya gia, gari likiserereka lenyewe huku injini niliyoifufua ikinguruma taratibu.

Kushoto na nyuma. Ndipo nilipokumbuka.

Mwaka wetu wa kwanza na lile lori, fimbo inayopeleka gia ilikatika porini. Niliibeba mpaka kwa mtu mwenye mashine ya kuchomelea, nikaiunga mwenyewe, na nikaiunga kinyume. Gia zikahama upande. Ya kwanza na ya pili zikaenda kulia, ya tatu na ya nne zikaja kushoto. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tulisema tukifika mjini tutairekebisha, na mjini tulifika mara elfu. Yeye alisema iachwe, mwizi akiliiba ataishia kwenye mtaro. Miaka kumi na miwili aliendesha hivyo, nne yake kushoto nyuma. Kwenye gari hili, pale ndipo ilipo ya pili.

Mkono ulikuwa haujakosea. Ulikwenda mahali nilipouweka mimi.

Alisimamisha gari pembeni. Akatazama tanuri za matofali kwenye kioo muda mrefu, kama anayezihesabu.

"Hii mara ya ngapi?" nikamuuliza.

"Ya tatu." Halafu akasema, "Hainijii nikiwa pale wodini. Pale najua kila kitu. Pale hata siku nazijua."

Nilimwambia najua. Sikuwa nikijua, lakini nilisema hivyo. Akaniuliza kama nitamwambia binti. Nikamkumbusha nundu ya mtoto. Akashuka, akanipisha usukani. Tulirudi mimi nikiendesha.

Binti alikuwa akingoja getini na mkoba wake, kofia ameivua. Alituona tulivyobadilishana viti, na nadhani alikuwa ameshapata jibu, lakini alingoja nilitamke. Nikamwambia gari limepona, halina tatizo lolote, na baba asiendeshe tena.

"Mwulize nani aliyezigeuza gia," Dereva akasema.

Binti akanitazama kwa macho ya huruma, yale tunayopeana mbele ya mgonjwa akianza kuweweseka. "Sawa baba," akasema taratibu. "Twende nyumbani."

"Hajachanganyikiwa," nikamwambia. "Ni kweli. Ni mimi niliyezigeuza."

Aliitikia kwa kichwa kutukubalia wote wawili, wazee wetu hawa. Akasema zamu zake zinamruhusu Jumapili tu, atakuwa anampeleka Jumapili. Dereva akarudia lile neno, Jumapili, kama anayeliweka kwenye mizani. Leo ilikuwa Jumanne.

Nikamwambia mimi pia nina mikono, naweza kumpandisha mchana siku nyingine, nikiwepo. Dereva alijibu bila ubaya.

"Utakuwepo mpaka lini, Utingo?"

Nikafuta mikono kwa kitambaa, nikafuta tena.

Dereva alitoa mfukoni funguo zake za akiba, akanipa mimi, siyo binti, na mimi nikampa binti. Binti akaingia upande wa usukani, akasogeza kiti mbele maana miguu yake ni mifupi. Dereva alizunguka gari, akafungua mlango wa kushoto, akakaa. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kukaa upande ule wa gari lake. Akapeleka mkono kulia kutafuta mkanda, akapapasa, akapapasa tena, mpaka binti yake akajinyoosha mbele ya kifua chake, akauvuta kutoka upande wa pili na kumfunga.

Injini ikawaka ufunguo ulipozungushwa mara moja tu. Nilisimama getini nikiisikiliza mpaka kona. Haikuwa inagonga.