Moshi Usiotoka Kwenye Ekzosi

Kila fundi aliyeletewa gari la shemeji alianzia nyuma: alichuchumaa kwenye ekzosi, akaona moshi hamna, akasema gari ni zima. Lakini watoto ambao shemeji aliwapeleka shule walishuka wakilalamikia vichwa, na wazazi walikuwa wamekwisha kusema: harufu ya moshi ndani ya gari isipoisha leo, kesho wanatafuta gari jingine.

Ndipo shemeji akalileta kwa mume wa dada yake, ambaye yeye siku zote alimwita fundi wa kubahatisha.

"Leo bahatisha vizuri, shemeji," alimwambia.

Fundi hakwenda nyuma. Alifungua boneti, akaufuata kwa kidole mpira mnene uliotoka juu ya injini. Badala ya kuingia kwenye boksi la filta ya hewa, ulipinda ukaning'inia uvunguni, karibu na sakafu iliyotobolewa na kutu. Shemeji alieleza, tena kwa kujisifu, kwamba filta ilikuwa hailowi tena oili tangu fundi mmoja auchomoe mpira ule na kuziba nafasi yake.

"Filta imepona," alisema fundi. "Wanaovuta sasa ni watoto."



Fundi alimfafanulia kwamba pistoni, hata ziwe mpya, hupenyeza gesi kidogo kwenye tumbo la injini, na ndani yake mna petroli isiyoungua. Lazima itoke, lakini si barabarani: valvu ndogo huirudisha ndani ya injini ikachomwe. Kwa nini basi ilikuwa ikikimbilia kwenye filta? Hilo ndilo lililomkereketa.

Aliwasha injini, akafungua mdomo wa kujazia oili, akaulaza kipande cha karatasi juu yake. Kikarushwa na gesi. Akazima, akang'oa valvu, akaitikisa sikioni. Nzima hulia; hii ilikuwa bubu, imegandishwa na masizi. Akafunga mpya, akaurudisha mpira mahali pake, akaziba sakafu. Akawasha tena; karatasi sasa ilinyonywa ikagandia. Aliibandua, akaiacha igandie tena, kwa raha tu ya kuiona.

Mzazi mmoja, aliyetumwa na wenzake, alifika akaketi siti ya nyuma, madirisha yamefungwa, injini inanguruma. Alinusa kwa muda mrefu, kisha akashuka, akamuuliza fundi kama moshi umekwisha.

Shemeji alimkanyaga fundi mguu.

"Haujakwisha," alijibu fundi. "Hauishi, maadamu injini inazunguka. Sasa inaumeza na kuuchoma yenyewe."

Yule mzazi aliomba aoneshwe. Fundi akampa karatasi, naye akaijaribu kwa mkono wake, mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili akiinama kuchungulia.

"Kesho mpitie mwanangu," alimwambia shemeji. "Na mimi nitapanda, nikae nyuma."

"Karibu," alisema shemeji, akauondoa mguu wake.